Njia ya Pilipili Manga: Kwa Nini Wazungu Waliitafuta Asia kwa Bahari

Mtu aendaye dukani kununua pilipili manga, mdalasini au karafuu za kutia katika pilau hutoa fedha chache, kisha hurudi nyumbani kwake bila kufikiri sana. Ni vigumu kwake kuamini kwamba vitu hivyo vidogo, viwezavyo kufungwa katika kipande cha karatasi, ndivyo vilivyowatoa watu katika nchi zao, vikawavusha bahari wasizozijua, na kuwaua wengi wao kabla hawajafika walikokuwa wakienda. Walakini ndivyo ilivyokuwa. Kuja kwa Wareno katika pwani ya Afrika ya Mashariki mwaka 1498, pamoja na vita vilivyofuata katika Kilwa na Mombasa, asili yake ilikuwa ni biashara ya viungo.

Wengi waliosoma shule hukumbuka jibu moja fupi: kwamba Waturuki waliuteka mji wa Constantinople mwaka 1453, wakaziba njia ya nchi kavu, na kwa hiyo Wazungu wakalazimika kwenda kwa bahari. Jibu hilo lina chembe ya kweli, lakini halitoshi. Atakaye kuelewa jambo hili sharti aanze na mfuko mmoja wa pilipili manga, aufuate tangu ulikochumwa mpaka ulikoliwa.

VITU VILIVYOTAMANIWA

Katika zama hizo pilipili manga ilitoka hasa Malabar, yaani pwani ya kusini magharibi ya Bara Hindi. Mdalasini ulio bora ulitoka katika kisiwa cha Ceylon, ambacho siku hizi huitwa Sri Lanka. Karafuu, ambayo wengi huidhania kuwa ni mali ya Unguja na Pemba tangu kale, haikuwa imepandwa huko hata kidogo mpaka karne ya 19 ilipoanza. Wakati ule ilimea katika visiwa vichache tu vya Maluku, mbali sana upande wa mashariki, katika nchi ambayo leo ni Indonesia. Kungumanga nayo ilitoka katika visiwa vidogo vya Banda, si mbali na Maluku.

Mara nyingi husemwa kwamba Wazungu walivitaka viungo ili kuficha harufu ya nyama iliyooza. Maneno hayo wanahistoria hawayakubali, wala si vigumu kuona sababu. Viungo vilikuwa ghali mno, na nyama mbichi ilipatikana palepale Ulaya kwa bei ndogo zaidi. Mtu mwenye uwezo wa kununua pilipili manga hakuwa na haja ya kula nyama iliyooza. Ukweli ni kwamba viungo vilikuwa ni dawa, na pia vilikuwa ni heshima. Waganga waliviagiza kwa magonjwa ya tumbo na ya kifua. Wakubwa waliwaandalia wageni wao vyakula na mvinyo vilivyojaa viungo, ili kila mtu auone utajiri wa mwenye nyumba. Katika sehemu nyingine pilipili manga iliweza hata kulipiwa kodi badala ya fedha. Pamoja na viungo walitamani pia hariri, lulu na mawe ya thamani, lakini pilipili ndiyo iliyonunuliwa kwa wingi kupita vyote.

MIKONO MINGI NJIANI

Basi mkulima wa Malabar alipokwisha kukausha pilipili yake, aliiuza kwa mchuuzi, na mchuuzi akaipeleka mjini Calicut kwa matajiri wa bandari. Kutoka hapo ilipakiwa katika majahazi, ikavushwa kwa upepo wa kaskazi mpaka Aden na Jedda. Katika Bahari ya Sham ilipakuliwa ikatiwa katika vyombo vidogo, kisha ikabebwa na ngamia mpaka Kairo, ikateremka mto wa Nile mpaka Iskanderia. Huko ndiko walikongoja wafanya biashara wa Venice na merikebu zao. Wao waliipeleka kwao Italia, wakawauzia watu wa Ujerumani, wa Ufaransa na wa Uingereza. Njia nyingine ilipita Hormuz na Basra, ikaingia jangwani mpaka bandari za Sham.

Kila mahali palikuwa na mlango, na kila mlango ulikuwa na mtu wa kutoza ushuru. Kila aliyeipokea mali aliongeza faida yake kabla ya kuitoa, na haki yake ilikuwa hivyo, maana alikwisha kupata taabu na hatari. Lakini wako waliozidisha. Sultani Barsbay, aliyetawala Misri tangu 1422 hata 1438, aliifanya biashara ya pilipili kuwa yake mwenyewe, wageni wakalazimika kununua kwa bei aliyoipanga yeye. Hivyo mfuko uliokuwa na bei ndogo kule Malabar ulifika Ulaya ukiwa na bei iliyopanda mara nyingi.

Watu wa Venice hawakulalamika sana, kwa kuwa wao walikuwa karibu na mlango, na waliokuja nyuma yao waliwalipa. Waliolalamika ni wale waliokaa mwisho wa safu. Watu wa Genoa, waliopigana na Venice mara nyingi, walitafuta namna ya kuwazunguka adui zao. Wareno na Wahispania, wakaao ncha ya magharibi kabisa ya Ulaya, walipata mali baada ya watu wote kwisha kula faida.

Hapa ndipo ule mwaka 1453 unapopasa kupimwa vizuri. Kutekwa kwa Constantinople kuliwatia Wazungu hofu kubwa, na kuliwadhuru watu wa Genoa waliofanya biashara katika Bahari Nyeusi. Lakini pilipili nyingi ilipita Misri, na Waturuki hawakuitwaa Misri mpaka mwaka 1517, miaka 19 baada ya Wareno kwisha kufika Bara Hindi. Tena hamu ya kwenda kwa bahari ilikuwako zamani kuliko hapo. Mwaka 1291 ndugu wawili wa Genoa, Ugolino na Vadino Vivaldi, walitoka na merikebu mbili, wakapita mlango wa Gibraltar kuelekea baharini, nia yao ni kufika Bara Hindi. Hawakuonekana tena. Kwa hiyo jambo lililowasukuma Wazungu halikuwa njia kuzibwa. Njia ilikuwa wazi. Ila ilikuwa ya watu wengine, na faida ilikuwa yao.

UHABA WA DHAHABU

Iko sababu ya pili ambayo husahauliwa. Watu wa Asia hawakuwa na haja kubwa ya vitu vya Ulaya. Walinunua shaba kidogo, marijani na nguo za sufu, lakini sehemu kubwa ya bei walitaka walipwe kwa fedha na dhahabu. Katika karne ya 15 machimbo ya fedha ya Ulaya yalikuwa yamepungukiwa, na kila mwaka fedha ilizidi kutoka bila kurudi. Wareno walijua kwamba dhahabu nyingi ilitoka Afrika ya Magharibi, ikivushwa jangwa la Sahara kwa ngamia mpaka nchi za Maghrib. Wakafikiri: kama merikebu zingeweza kuteremka pwani, wangeifikia dhahabu hiyo upande wa nyuma. Hivyo safari za kwanza za Wareno hazikuwa za kutafuta pilipili, bali za kutafuta fedha ya kununulia pilipili.

Sababu ya tatu ilikuwa ni dini na vita. Wakristo wa Hispania na Ureno walikuwa wamepigana na Waislamu kwa miaka mamia. Tena zilienea habari kwamba nyuma ya nchi za Waislamu alikuwako mfalme Mkristo mwenye nguvu nyingi, ambaye wakidhani ataungana nao. Baadaye waliamini kwamba mfalme huyo ndiye Mfalme wa Ethiopia. Na zaidi ya hayo, kitabu cha Marco Polo wa Venice, aliyesafiri Asia tangu 1271 hata 1295, kiliwajaza watu tamaa kwa habari za miji ya China na mali yake.

HATUA KWA HATUA

Mwaka 1415 Wareno waliuteka mji wa Ceuta, katika pwani ya kaskazini ya Morocco. Baada ya hapo Henrique, mwana wa mfalme wao, alitoa fedha na merikebu kwa ajili ya safari za kuteremka pwani ya Afrika. Mabaharia waliogopa sana kupita Rasi ya Bojador, kwa kuwa upepo wa huko huvuma kuelekea kusini, na aliyekwenda hakujua atarudije. Mwaka 1434 Gil Eanes aliipita, akarudi salama. Walijifunza kuiacha pwani, wakaenda mbali baharini kutafuta upepo wa kuwarudisha kwao. Walitumia karaveli, merikebu nyepesi zenye matanga ya pembe tatu, na walipima jua na nyota ili kujua walipo.

Lakini safari hizo zilianza mapema kuwa na doa baya. Mwaka 1444 watu 235 waliotekwa katika pwani ya Afrika walishushwa katika mji wa Lagos ulioko Ureno, wakagawanywa na kuuzwa kama watumwa, wazazi wakitengwa na watoto wao. Waliotoka kutafuta dhahabu walikuwa wamepata biashara nyingine, na biashara hiyo ikakua kwa karne nyingi.

Mwaka 1482 Wareno walijenga ngome ya Elmina, katika nchi iitwayo leo Ghana, wakaanza kupata dhahabu nyingi. Mwaka 1487 Mfalme João wa Pili alituma watu kwa njia mbili mara moja. Bartolomeu Dias alikwenda kwa bahari, na mwaka 1488 aliizunguka ncha ya kusini ya Afrika, lakini mabaharia wake walichoka wakakataa kuendelea. Pêro da Covilhã, mtu aliyejua Kiarabu, alikwenda kwa nchi kavu kama mfanya biashara, akapita Kairo na Aden, akafika Calicut, Goa na Hormuz. Mwisho aliingia Ethiopia, na huko alikaribishwa vizuri lakini hakuruhusiwa kutoka tena. Wajumbe wa Ureno walimkuta huko mwaka 1520, akiwa amekwisha kuwa mtu mzima wa nchi ile.

Wahispania nao hawakulala. Mwaka 1492 walimtuma Christopher Columbus kwenda magharibi, akiamini kwamba ataizunguka dunia na kuifikia Asia kwa upande wa pili. Alikuta visiwa vya Marekani, wala hakukubali kwamba si Asia. Miaka miwili baadaye, katika mkataba wa Tordesillas, Hispania na Ureno ziligawana bahari za dunia kwa mstari, bila kuwauliza wenyeji wa bahari hizo.

BAHARI ILIYOKUWA NA WENYEWE

Maana Bahari ya Hindi haikuwa pori. Kwa muda wa karne nyingi majahazi yalikuwa yakivuka kwa kaskazi kutoka Uarabuni, Uajemi na Bara Hindi mpaka pwani ya Waswahili, na kurudi kwa kusi. Ibn Battuta, msafiri wa Maghrib, alizuru Mombasa na Kilwa mwaka 1331, akaisifu Kilwa kwa uzuri wake. Dhahabu ya Sofala ilipita Kilwa. Nguo za Gujarati zilivaliwa pwani yote. Mwaka 1415, mwaka ule ule Wareno walipoiteka Ceuta, wajumbe wa Malindi walimpelekea Mfalme wa China zawadi ya twiga. Vipande vya vyombo vya Kichina vilivyofukuliwa katika magofu ya Gedi ni ushahidi wa biashara hiyo. Katika bahari hiyo hakuna taifa lililodai kwamba maji ni yake peke yake. Mfanya biashara alilipa ushuru bandarini, akauza, akanunua, akangoja upepo, akaenda zake.

Vasco da Gama alitoka Lisbon tarehe 8 Julai 1497 na merikebu nne. Katika Msumbiji aligombana na wenyeji. Tarehe 7 Aprili 1498 alitia nanga Mombasa, lakini habari za ugomvi zilikwisha kufika, na pande zote mbili zilishukiana. Akaenda Malindi. Mfalme wa Malindi, aliyekuwa na ushindani na Mombasa, aliona faida ya kupata rafiki mwenye mizinga, akampokea kwa heshima, akampa rubani wa kumvusha.

Rubani huyo husemwa mara nyingi kuwa ni Ahmad ibn Majid, bingwa wa elimu ya bahari kutoka Uarabuni. Wataalamu wengi wa siku hizi hawalikubali jambo hilo. Waandishi wa Kireno walimwita malemo, na neno hilo si jingine ila mwalimu, jina ambalo mabaharia wa bahari hii walimpa mtu ajuaye nyota na njia. Kwa hiyo hata neno lenyewe latoa ushahidi kwamba katika safari hiyo Wareno walikuwa wanafunzi.

Waliondoka Malindi tarehe 24 Aprili, kusi ikiwa inaanza, na tarehe 20 Mei walikuwa mbele ya Calicut. Siku 26 zilitosha. Mtu wa kwanza aliyeshushwa pwani alikutana na watu wawili wa Tunis waliojua lugha za Ulaya, nao walistaajabu wakamwuliza kilichomleta mbali hivyo. Akajibu kwamba wamekuja kutafuta Wakristo na viungo.

ZAWADI ILIYOCHEKWA

Ndipo ulipoonekana udhaifu wa Wareno. Vasco da Gama alitayarisha zawadi ya mtawala wa Calicut: vipande 12 vya nguo za mistari, kofia za vitambaa vyekundu nne, kofia nyingine sita, shada nne za marijani, mabeseni sita, kasha la sukari, na mapipa ya mafuta na asali. Maofisa wa mtawala walipoiona walicheka. Walisema kwamba mfanya biashara aliye maskini kuliko wote atokaye Makka hutoa zaidi ya hayo, na kwamba mfalme hupewa dhahabu. Katika bandari iliyozoea matajiri wa Misri, Uajemi na Malacca, wageni hao walikuwa watu wenye haja kubwa na mali chache.

Waliporudi hawakungoja majira. Waliiacha pwani ya Bara Hindi mwanzoni mwa Oktoba, kabla kaskazi haijaanza, na kwa karibu miezi mitatu walitangatanga baharini kwa shwari na pepo za mbisho. Kiseyeye kiliwashika, fizi zikavimba, na watu 30 walikufa katika mvuko huo. Waliona Mogadishu tarehe 2 Januari 1499. Malindi iliwapa machungwa na chakula, lakini waliobaki hawakutosha kuendesha merikebu zote, hata wakaichoma moja katika pwani ya Tanga. Safari ambayo kwa shauri la mwalimu wa bahari ilichukua siku 26, bila shauri ilichukua siku 89.

BIASHARA ILIYOGOMBA

Hata hivyo njia ilikwisha kujulikana, na pilipili kidogo iliyofika Lisbon ilitosha kuamsha tamaa. Lakini swali la zawadi lilibaki: watalipa nini? Jibu walilolichagua ni mizinga. Merikebu zao zilijengwa kwa mbao nene na misumari, zikaweza kubeba mizinga mizito. Majahazi ya bahari hii yalijengwa kwa kazi ya biashara. Mwaka 1502 Vasco da Gama alirudi na kundi kubwa la merikebu, akaitoza Kilwa dhahabu kwa nguvu. Mwaka 1505 Francisco de Almeida aliiteka Kilwa, kisha akaichoma na kuipora Mombasa. Goa ilitwaliwa mwaka 1510, Malacca 1511, na Hormuz ikakaliwa kabisa mwaka 1515. Chombo chochote kilitakiwa kuwa na barua ya ruhusa ya Wareno. Kisichokuwa nayo kiliweza kutekwa na mali yake yote.

Hivyo watu waliolalamika kwa sababu ya milango mingi na ushuru mwingi walijijengea milango yao wenyewe katika bahari iliyokuwa wazi. Kilwa haikurudia fahari yake ya zamani. Walakini mizinga haikuweza kuziba kila njia. Kufika katikati ya karne ya 16 pilipili nyingi ilikuwa inapita tena Bahari ya Sham mpaka Iskanderia na Venice kama hapo kwanza. Waingereza waliunda kampuni yao ya biashara ya Mashariki mwaka 1600, na Waholanzi mwaka 1602, wakawapokonya Wareno sehemu kubwa. Ngome ya Mombasa, iliyoanzwa kujengwa mwaka 1593, iliangukia mikononi mwa Waarabu wa Oman mwaka 1698. Na mwaka 1869 mfereji wa Suez ulipofunguliwa, merikebu nyingi za Ulaya ziliiacha njia ya Rasi ya Tumaini Jema, zikarudi katika njia ile ile ya Bahari ya Sham iliyokimbiwa zamani.

Yaliyobaki pwani si mengi. Liko nguzo la Vasco da Gama pale Malindi, na iko ngome ya Mombasa. Yako maneno kama meza, leso, bendera na mvinyo, ambayo Waswahili waliyapokea kwa Wareno. Na iko mimea ya Marekani iliyoletwa Afrika baada ya safari hizo, mahindi na muhogo, ambayo imelisha watu wengi zaidi kuliko wote waliopata kuonja pilipili ya Malabar. Hakuna aliyeikusudia faida hiyo.

Wafanya biashara husema kwamba biashara haigombi. Wareno walikuwa na sababu za kweli za kuondoka kwao: bei ilikuwa kubwa, mali ilikuwa haba, na njia ilikuwa ya wengine. Ujasiri wao baharini hauwezi kukanwa. Lakini Malindi iliwapa rubani, maji na machungwa, nao wangeweza kukaa katika bahari hii kama wageni wengine, wakilipa ushuru na kungoja upepo. Wenyeji wa Kilwa na Mombasa ndio waliolipa tofauti iliyopo baina ya mgeni anunuaye na mgeni atekaye.